Timor Mashariki: eti wakubwa "hawakuwa na la kufanya"? Acheni kutufanya watoto

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kila ikitajwa Timor Mashariki, nchi ndogo iliyovamiwa na Indonesia mwaka 1975, hakosi mtu wa kuja na hadithi ileile: Indonesia ilikuwa nchi huru, rais wake Suharto alikuwa na jeshi lake, sasa Wamarekani wangefanya nini? Nani kawadanganya?

Tarehe 6 Desemba 1975 Rais Ford wa Marekani na waziri wake wa mambo ya nje, Kissinger, walikuwa Jakarta, mji mkuu wa Indonesia, wamekaa na Suharto. Akawaeleza azma yake ya kuivamia Timor. Wakamjibu wataelewa. Kissinger hakuuliza watakufa wangapi; alitaka kazi iishe haraka, tena ianze wao wakishafika kwao. Kesho yake askari wa miavuli wakamwagwa Dili, mji mkuu wa Timor. Sheria ya Marekani ilisema silaha ilizoipa Indonesia ni za kujilinda tu. Kujilinda na nani, wakulima wa kahawa?

Zikaja ndege za kivita za Bronco kutoka Marekani kupiga milima walikokimbilia raia. Uingereza ikaiuzia Indonesia ndege zake za Hawk. Ila walionichefua zaidi ni Australia. Mwaka 1979 waliitambua Timor rasmi kuwa mali ya Indonesia, na 1989 mawaziri wa mambo ya nje, Gareth Evans na Ali Alatas, wakasaini mkataba wa kugawana mafuta ya Bahari ya Timor wakiwa ndani ya ndege, juu ya bahari yenyewe, wakigonga glasi za shampeni! Tume ya ukweli ya Timor ilikuja kukadiria vifo visivyopungua 102,800, vingi vya njaa na maradhi. Na ukisikia njaa usidhani ukame. Watu waliondolewa mashambani wakarundikwa kambini.

Halafu hii Indonesia ndiyo ile nchi ya Bandung 1955, mkutano wa Asia na Afrika wa kupinga ukoloni, tuliokaririshwa shuleni.

Novemba 1991 jeshi la Indonesia likamiminia risasi waombolezaji kwenye makaburi ya Santa Cruz, Dili, na safari hii kulikuwa na kamera. Mpigapicha alifukia mkanda kaburini, akarudi kuuchukua baadaye. Dunia ikaona. Bunge la Marekani likakata fedha za mafunzo ya jeshi hilo. Wizara ya Ulinzi ikapita mlango wa nyuma, ikaendelea kuwanoa makomando wa Kopassus mpaka 1998. Kuuma na kupuliza.

Sasa nijibuni hili. Agosti 30, 1999 Watimor wakapiga kura, asilimia 78.5 wakakataa kubaki chini ya Jakarta. Jeshi na migambo wake wakaichoma Dili. Septemba Clinton akasitisha ushirikiano wa kijeshi, na mikopo ya Indonesia ikaanza kutiliwa shaka. Haikupita wiki, Rais Habibie akakubali kikosi cha kimataifa kiingie. Wiki haikwisha, wakuu! Baada ya miaka 24 ya "hatuna la kufanya".

Na msiniambie hayo ni ya zamani. Prabowo, mkwe wa Suharto, alinolewa Fort Benning, kambi ya jeshi la Marekani, akapigana Timor, akaondolewa jeshini 1998 kwa kashfa ya kuteka wanaharakati. Marekani ikamnyima viza miaka na miaka. Alipokuwa waziri wa ulinzi, Oktoba 2020, akapokelewa Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kwa heshima zote. Leo ndiye rais wa Indonesia. Kilichobadilika ni cheo chake tu.

Anayetaka kubishana aanze na hiyo Septemba 1999. Mengine nimeshayasikia.