Mtihani wa takwimu: kufukua mitihani ya nyuma ni kujiandaa au kujidanganya?

Mwana Shangani: Wadau wa vyuo Mtwara na Lindi, UE, mtihani wa mwisho wa semista, ndiyo hiyo inakuja. Kwenye takwimu mtindo ni ule ule: watu wanakusanya mitihani ya miaka ya nyuma, wanakariri majibu, basi. Swali likigeuzwa kidogo tu, kalamu zinakauka. Kwangu huko si kujiandaa. Aliyejiandaa anajua kwa nini hapa linatumika jedwali la z na pale la t, lile la sampuli ndogo. Mnasemaje? Halafu hawa watoto wa korosho nao, wanaripoti Novemba ndiyo wanaanza kuuliza wastani ni kitu gani.

Binti Newala: Ya mitihani ya nyuma waachie wengine. Hao "watoto wa korosho" ni kina nani? Mimi ni mmoja wao. Bumu, mkopo wa serikali, nilikosa. Baba analipa ada mnada wa korosho ukishapita na AMCOS, chama chetu cha ushirika, ikishaingiza hela benki, njia nyingine hana. Ulitaka niripoti na gunia kichwani?

Fundi Hesabu: Kwenye takwimu Mwana Shangani ana hoja. Naongoza diskasheni pale Ligula, haya nayaona. Mtu anapewa uzito wa magunia matatu: kilo 78, 80 na 82. Wastani 80, wote wanapata. Ukiuliza mkengeuko sanifu wa sampuli, yaani namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, anabonyeza kitufe cha σn, cha idadi yote, kwenye kikokotoo, inatoka 1.63, anaandika. Jibu ni 2! Miraba ya tofauti inajumlishwa kuwa 8, unagawanya kwa 2, siyo kwa 3, halafu kipeuo. Ni sampuli, kwa hiyo n−1, idadi ya vipimo toa moja. Mtihani aliokariri ulikuwa na data za idadi yote, ndiyo maana kitufe kile kilimpa siku ile.

Mzee wa Nachingwea: Vijana, sisi tulisoma kwa majedwali. Na yule Pearson wa kiwanda cha bia aliyetunga hiyo t, alikariri mtihani wa nani?

Fundi Hesabu: Shikamoo mzee. Wa kiwanda cha bia ni Gosset, alikuwa Guinness kule Dublin. Alichapisha 1908 kwa jina la Student. Pearson ni wa kai-mraba, kipimo kingine cha takwimu, 1900. Na t ilitoka kwenye tabu ya sampuli ndogo, hapo hapo wanapoanguka wetu: sampuli ya 10, asilimia 95, mtu anaweka 1.96 ya z wakati jedwali la t kwa digrii 9 za uhuru (10 toa 1) linasema 2.262.

Binti Newala: Mmeshafika Dublin. Mimi sijajibiwa.

Mwana Shangani: Dada, sijamtukana mtu. Nasema kuchelewa kunaumiza. Ukikosa wiki za mwanzo, mada ya uwezekano imekupita, na bila uwezekano utakataa dhana tupu, ile inayosema hakuna tofauti, kwa kubahatisha.

Kijana wa Ruangwa: Sasa si ndiyo sababu wanakariri! Aliyefika mihadhara imeshakwenda, mitihani ya nyuma ndiyo mwalimu wake. Nyie wa mjini mnaoanza wiki ya kwanza mnatuita wavivu. Mmesahau 2019 serikali iliponunua korosho, watu wakasubiri hela?

Binti Newala: Ilikuwa 2018, Novemba. Magufuli alitangaza 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kubeba.

Mtu wa Masasi: Na 3,300 ilizidi bei za wanunuzi mnadani. Tusipotoshe historia hapa.

Kijana wa Ruangwa: Nani kapinga bei? Naongelea siku hela inapofika mkononi. Mhasibu wa chuo hapokei tangazo.

Mzee wa Nachingwea: Stakabadhi ghalani ilipoanza 2007 wengine tuliuliza hayo hayo. Mkulima anapeleka mzigo ghalani, anarudi nyumbani na karatasi.

Mtu wa Masasi: Mzee, kabla ya hapo kulikuwa na kangomba, ule ununuzi wa magendo. Unataka turudi kupimiwa kwa bakuli?

Mzee wa Nachingwea: Sijasema hivyo, usinilishe maneno.

Fundi Hesabu: Jamani, takwimu. Kama ada za huku zinafuata mnada, basi uwezekano ufundishwe upya Desemba. Mitihani ya nyuma ifanywe, ila ukimaliza swali andika pembeni: data ni sampuli au idadi yote, ngapi, mkengeuko wa idadi yote unajulikana au haujulikani. Majibu yenyewe yafiche.

Mwana Shangani: Desemba tena? Chuo hakiwezi kupanga kalenda kwa zao moja. Kesho watakuja wa ufuta wa Lindi nao wadai wiki zao.

Binti Newala: Ufuta unauzwa Juni na Julai, UE ya semista ya pili ikiwa mlangoni. Kwa hiyo nao wanaumia, na wewe mwenyewe umewataja. Waongeze kwenye hesabu yako kabla hujatuita watoto wa korosho tena.