Mnaofukua nyuzi za zamani bila kusema ni za lini, mnatuumiza watu huku Amu (Lamu)

Asalaam aleikum jamani. Naingia na hasira na sitazificha. Kuna tabia imezidi, mtu anaamka zake asubuhi, anapekua humu kwenye baraza letu la mtandaoni mpaka uzi (mazungumzo) wa miaka mingi nyuma, anaandika "up" ama "hii iliishia wapi?" halafu huyo, kaondoka. Habari mpya hana, jibu hana, hata tarehe hakuangalia. Uzi unapanda juu kabisa kwa sababu mtambo unapanga kwa komenti ya mwisho, haujali posti yenyewe iliandikwa lini, na sisi wengine tukiingia tunaukuta wa kwanza tunadhani ni jambo la leo.

Juzi limetokea la kutokea na sitalinyamazia. Mtu kafukua tangazo la zamani la wavuvi kuja Amu kuhakikisha majina yao kwa ajili ya fidia ya bandari. Wengi mnaijua habari yenyewe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ujenzi wa bandari ya Lamu uliwaharibia mahali pao pa kuvua, na tangu siku hiyo ni maneno juu ya maneno, nani yumo kwenye orodha nani katolewa, nani kalipwa nani bado. Kwa mvuvi wa Kizingitini neno fidia si la kusoma ukapita. Ni pesa anazozingoja miaka. Sasa wewe unaandika "up" chini ya tangazo la wakati ule, watu wanapiga skrinshoti ile posti ya juu tu, inaingia magurupu ya WhatsApp ya Faza, Siyu, Ndau, kila mahali, na skrinshoti haina tarehe. Hata ukiforwadi maandishi matupu, simu ya mwenzako inaonyesha saa aliyoyapokea yeye, haionyeshi siku yalipoandikwa mara ya kwanza. Basi hapo uongo ushazaliwa na hakuna hata mmoja aliyekusudia kudanganya.

Mimi nina duka la fotokopi Langoni. Nimefika kufungua nikakuta wazee wamekaa barazani wananingoja, wameshuka kwenye boti kutoka Kizingitini. Mmoja, umri wa babangu, akafungua leso pale pale kwenye kaunta, ndani mna kitambulisho, kadi ya BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, wino umeshafifia, na barua ya zamani iliyokunjwa mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Akaniambia, "Sabalkheri mwanangu, nitolee kopi mbili mbili, twambiwa mwisho ni leo."

Nikamuuliza, mzee wangu, nani kasema? Akanipa simu ya mjukuu wake. Ile posti niliitambua hapo hapo maana niliisoma ilipotoka. Nikamwambia hii ni ya zamani mzee, zoezi hili lilishapita. Hakunijibu. Alianza kurudisha makaratasi kwenye leso moja moja, na mwenzake akaniuliza boti ya kurudi yaondoka saa ngapi. Nauli ya kuja, nauli ya kurudi, siku nzima hawakuvua, na kusi hili bahari imechafuka, siku ya kutoka haipatikani kila siku. Wallahi sikuwa na uso wa kuwatazama, na si mimi niliyeandika ile "up".

Na si fidia peke yake. Picha za mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 kila baada ya muda kuna mtu anazirudisha juu na "Mungu tunusuru", bila mwaka, bila chochote. Waliofiwa wanaziona tena kwenye simu zao kama limetokea leo, na wenye mashua na nyumba za wageni Shela wanaanza kupigiwa simu na wageni waliolipa wakitaka kurudishiwa pesa. Ama uzi wa mchango wa mgonjwa. Mtu kauinua mwaka huu akauliza "mgonjwa anaendeleaje?" na yule mgonjwa alishazikwa kitambo, Mungu amrehemu, na namba ya dadake iko pale kwenye posti. Akaanza kupigiwa na watu wanataka kutuma pesa. Mpaka kaibadilisha namba. Hebu jiwekeni mahali pake.

Najua mtasema, lakini tukianzisha uzi mpya tunaambiwa "tumia search, upo wa zamani", na tukiuinua wa zamani tunaambiwa tunafukua makaburi. Hilo ni kweli na linakera, na mimi siko na wale wanaomrukia kila anayerudi kwenye uzi mkongwe. Kuna nyuzi zinastahili kuinuliwa. Ule wa mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi ulikuwa umelala, mtu akarudi akaandika kwenye mstari wa kwanza kwamba tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ya NET imefuta leseni ya mradi, na akaeleza kwa nini, kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Huyo katufaa sana maana aliyesoma ugomvi wote wa mwanzo sasa anajua ulifika wapi. Na yule aliyeuliza kwa nini mashine ya boti yake inazima ikipata moto, akarudi baadaye kutuambia fundi alikuta nini, naye pia Mungu ampe heri, watu mpaka leo wanaufaidi ule uzi.

Kwa hivyo ukirudi kwenye uzi wa zamani anza kwa kuandika "huu ni wa mwaka fulani", halafu sema una kitu gani kipya. Huna kipya ila una swali? Fungua uzi wako, weka linki ya ule wa zamani, uliza. Na kama ni la msiba, ugonjwa ama talaka ya watu, usiliguse kabisa mpaka umemuuliza mwenyewe inboksi. Ni haya tu, hakuna ugumu wowote.

Maadmin nanyi msijifiche. Kuna programu za mabaraza, SMF ni mojawapo, ambazo zenyewe zinamtolea mtu onyo kabla hajajibu uzi uliokaa siku 120 bila komenti. Wekeni kitu kama hicho. Na matangazo yenye tarehe ya mwisho yafungeni ikipita, kwani yanabaki wazi ya nini?

Na wewe uliyeandika "up", posti bado iko juu mpaka naandika haya. Ingia uhariri komenti yako uandike kwa herufi kubwa kwamba tangazo limepita, kisha utume voice note kwenye yale magurupu useme hivyo hivyo, maana wazee wengi hawasomi, wanasikiliza. Ufanye leo. Jana usiku nimepigiwa simu na watu wa Ndau wanauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi.