Harrison, Nabers au Odunze: nani adakwe kwanza? (Mjadala wa kabla ya drafti ya NFL ya 2024)

Mkaazi wa Kisauni

Ndugu wasomaji, drafti ya NFL, yaani zamu za timu za ligi kuu ya mpira wa Kimarekani kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, itaanza Detroit tarehe 25 Aprili 2024, na sisi tulio huku pwani tutalazimika kukesha hadi saa tisa usiku ili tusikie jina la kwanza. Makwotabeki, wale warushaji wa pasi, wamekwisha kujadiliwa mpaka basi. Ninaomba tuwapime wapokeaji (wadakaji wa pasi) watatu wanaowekwa juu ya wenzao wote: Marvin Harrison Jr. wa Ohio State, Malik Nabers wa LSU na Rome Odunze wa Washington. Msimu wa 2023 Odunze aliongoza vyuo vyote vikubwa kwa yadi 1,640 za pasi alizodaka, Nabers akamfuata kwa 1,569, ilhali Harrison alimaliza na 1,211, na bado yeye ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza. Mimi ningemchukua Nabers, kwa sababu hakuna kati yao aliye hatari kama yeye pindi mpira ukishafika mikononi. Beki wa kwanza humkosa, na mara nyingi wa pili pia. Pengine Harrison anabebwa kidogo na jina la baba yake, aliyekuwa mpokeaji wa NFL, ingawa hilo si kiini cha swali langu. Ninachouliza ni hiki: ungekuwa na nafasi ya nne ya kuchagua, ile ya timu ya Arizona, ungemwita nani?

Mwana wa Columbus

Umeandika "anabebwa kidogo na jina la baba yake" halafu ukasema si kiini cha swali, kana kwamba mtu anaweza kurusha jiwe kisha akaficha mkono. Jina halidaki mpira. Harrison amepata misimu miwili mfululizo ya zaidi ya yadi 1,200, na katika kila msimu alifunga tachidauni (mabao) 14. Kabla yake hapakuwa na mpokeaji yeyote wa Ohio State, chuo kilichowatoa wapokeaji wa NFL Garrett Wilson na Chris Olave, aliyewahi kuvuka yadi 1,000 mara mbili. Alitwaa tuzo ya Biletnikoff, ya mpokeaji bora wa vyuo, na akawa wa nne katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Je, wapiga kura walimpigia baba?

Bi Mkubwa wa Houston

Mwanangu, usikasirike. Hakuna aliyesema kijana hajui mpira. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na hilo sote tunalikubali. Tunachosema ni kwamba tangu akiwa shule ya sekondari watu walikuwa wakimtazama kwa macho waliyomtazamia baba yake alipokuwa Indianapolis Colts, na jambo la namna hiyo lina uzito mezani pa wachaguzi. Baba mwenyewe, nikumbukavyo, alichaguliwa miongoni mwa watano wa kwanza, kwa hiyo familia hii imezoea kupewa kiti cha mbele.

Mpenda Takwimu

Kwa heshima zote, Bi Mkubwa, baba alichaguliwa wa 19 katika drafti ya 1996, na wapokeaji watatu walitangulia kuitwa: Keyshawn Johnson, Terry Glenn na Eddie Kennison. Mwaka 2002 mtu huyo aliyeachwa hadi nafasi ya 19 alidaka pasi 143 katika msimu mmoja, na mwaka 2016 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa. Kama kuna funzo kwa jina hilo, ni kwamba wachaguzi waliwahi kulidharau.

Bi Mkubwa wa Houston

Iwe wa tano au wa 19, hoja yangu iko palepale. Mtoto wa mtu asiyejulikana angethubutu kwenda kwenye majaribio ya Indianapolis, ambako timu zote huwapima vijana, asikimbie yadi 40, kisha akaenda kwenye siku ya majaribio ya chuo chake asikimbie pia? Angeambiwa ana kiburi. Huyu anaambiwa ana busara.

Mwana wa Columbus

Ana busara kweli. Kila timu inazo kanda za mechi zake zote, na kasi inayohitajika ni ile ya mtu aliyevaa kofia ngumu na mabega ya kinga, si ya mtu mwenye kaptura anayekimbia mstari ulionyooka. John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, Cincinnati wakamchukua nafasi ya tisa, na ninyi nyote mnajua yaliyofuata: hakung'ara. Mwaka huu Xavier Worthy wa Texas ameivunja rekodi hiyo kwa sekunde 4.21, nani hapa anamweka juu ya Harrison?

Kijana wa Seattle

Ninyi mnabishana kuhusu mtu asiyekimbia, wakati yuko mtu aliyekimbia. Odunze ana kimo cha futi 6 na inchi 3, sawa na Harrison, alikimbia kwa sekunde 4.45 bila kuona haya, na wenzake walipokwisha kuondoka yeye alibaki uwanjani akilirudia zoezi la kukimbia kwa kuzunguka koni kwa sababu hakuridhika na muda wake. Halafu mpira ukiwa hewani na beki kamkumbatia, huo mpira ni wake. Ninashangaa kwamba aliyeongoza kwa yadi anatajwa hapa kwa sentensi moja.

Mpenda Takwimu

Anatajwa kwa sentensi moja kwa sababu yadi hizo zinahitaji kugawanywa. Odunze alicheza mechi 15, maana Washington ilifika hadi fainali na kufungwa na Michigan. Nabers alicheza 13, Harrison 12. Kwa kila mechi, Nabers ana takriban yadi 121, Odunze 109 na Harrison 101. Tofauti kati ya hao wawili wa mwisho imekuwa ndogo sana. Tena Odunze alirushiwa na Michael Penix Jr., aliyeongoza nchi kwa yadi za pasi na kuwa wa pili katika kura za Heisman.

Kijana wa Seattle

Kwa hiyo yadi za Odunze ni za Penix? Basi za Nabers ni za nani, ikiwa Jayden Daniels ndiye aliyeitwaa Heisman yenyewe?

Mwana wa Columbus

Nashukuru kwa kunifungulia mlango. Nabers alikuwa na Daniels, Odunze alikuwa na Penix, na Harrison alikuwa na Kyle McCord, ambaye msimu ulipokwisha alihamia Syracuse. Harrison alipokuwa na kwotabeki C. J. Stroud mwaka 2022 tuliona jinsi alivyowatesa Georgia katika nusu fainali, hadi alipoumia kichwa akatolewa. Ohio State ikapoteza kwa pointi moja, 42 kwa 41. Waliotazama mechi hiyo hawahitaji saa ya kupimia mbio.

Mzee wa Minneapolis

Nimewasoma wote kwa utulivu, na ninaona hoja ya kwotabeki imewalevya. Pale LSU, Daniels huyohuyo alimrushia pia Brian Thomas Jr., aliyefunga tachidauni 17, nyingi kuliko mpokeaji yeyote wa vyuo vikubwa msimu huo. Ingekuwa kwotabeki ndiye anayemtengeneza mpokeaji, Thomas angekuwa sawa na Nabers machoni petu, lakini sivyo. Thomas alifunga kwa mipira mirefu, akimpita beki kwa kasi na urefu. Nabers alitumwa kila mahali, mara nje, mara ndani karibu na mstari, na alipata yadi zake hata pale kila mtu uwanjani alipojua mpira unakwenda kwake. Hicho ndicho kipimo. Kwa kipimo hicho ninamweka Harrison wa kwanza kwa sababu ya namna anavyokata njia zake, jambo adimu kwa mtu mrefu hivyo, na Nabers wa pili kwa unywele.

Lakini je, mpokeaji anastahili nafasi ya nne? Mwaka jana Rams walimchukua Puka Nacua nafasi ya 177, akavunja rekodi ya yadi kwa wachezaji wa mwaka wa kwanza, 1,486. Mwaka 2020 Justin Jefferson aliachwa hadi nafasi ya 22, na wapokeaji wanne wakaitwa kabla yake.

Bi Mkubwa wa Houston

Mzee, kwa Nacua mmoja kuna mamia walioitwa nafasi kama ile wasisikike tena. Mwaka 2021 Cincinnati walipomchukua Ja'Marr Chase nafasi ya tano, wakamwacha Penei Sewell wa safu ya ulinzi wa kwotabeki, walichekwa. Msimu huohuo walicheza Super Bowl, fainali ya NFL.

Mzee wa Minneapolis

Walikuwa na kwotabeki Joe Burrow, dada yangu. Arizona wana mashimo kila upande. Minnesota wanahitaji kwotabeki, nao wanazo nafasi za 11 na 23. Wakitoa zote mbili kwa nafasi ya nne, mimi ningekuwa Arizona ningeshuka bila kusita.

Mwana wa Columbus

Ukishuka hadi 11 utamkuta nani, Mzee? Harrison hayupo, Nabers hayupo, na Chicago wenye nafasi ya tisa, wakiwa na macho, hawatamwacha Odunze apite. Utabaki na Thomas, ambaye wewe mwenyewe umetueleza sasa hivi kwa nini si sawa na Nabers.