Pangaboi la zamani linanguruma na kuyumba, nitengeneze au ninunue jipya?

Binti Chumbageni:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri hasa mafundi umeme mliomo humu. Niko Tanga mjini, nyumba ya familia, sebuleni kuna pangaboi la zamani lile zito la chuma la mapanga matatu, umri wake sijui ila mama anasema alipoolewa alilikuta na mimi ndio kitinda mimba nina watoto wawili so pigeni hesabu wenyewe. Miaka yote halijasumbua zaidi ya kufutwa vumbi. Sasa joto la mwaka huu limekuja na mambo yake, ukiwasha linanguruma tu halizunguki mpaka upande kiti ulisukume na mti wa fagio, upepo wenyewe umepungua hata ukiweka namba tano unaona uko namba mbili, halafu kuna mlio wa krr krr likiwa linazunguka taratibu na siku hizi limeanza kuyumba mpaka kile kikombe cha juu kinachezacheza.

Fundi wa kwanza kaja kaangalia amesimama chini, hata ngazi hajaomba, akasema hilo tupa nunua jipya, na jipya analo yeye. Wa pili kasema mota inataka kuwaindiwa, yaani kusukwa upya waya za ndani, akataja bei ambayo nikiongeza kidogo napata feni mpya. Mama hataki kusikia habari ya kulitoa anasema feni za siku hizi ni makopo matupu. Swali langu ni moja tu, mtu unajuaje hii feni imefika mwisho na hii bado? Maana naona kila fundi anasema kinachomlipa yeye.

Kibopa:
Tupa hilo dada nunua la rimoti unazima ukiwa kitandani. Mambo ya kupanda kiti na fagio mpaka leo?? 😂

Fundi Waya:
Dada usitupe kwanza na usikubali kuwaindi kwanza, hapo hakuna aliyepima kitu. Umetaja shida nne, tatu ni za pesa ndogo, moja ndio ya kuogopa na sio ile inayopiga kelele.

Hiyo ya kunguruma mpaka usukume karibu kila mara ni kapasita. Mota ya feni ina koili mbili, ya kuzungushia na ya kuanzishia, kapasita inafanya umeme wa koili moja upishane kidogo na wa ile nyingine ndio mota ipate nguvu ya kuanza na ijue inaenda upande gani. Ikichoka, umeme unaingia mota inabaki inanguruma palepale, ukiisukuma inaenda, na ukisukuma kinyume inaenda kinyume hivyo hivyo. Ndio maana fagio linafanya kazi. Ila acheni hiyo tabia kuanzia leo maana siku mtoto akiwasha akaondoka, koili zinachemka pale juu zikiwa hazipati hata upepo wa kuzipoza, na hapo ndio utawaindi kweli. Kapasita za feni hizi nyingi ni mikrofaradi 2.5 volti 400 au 440 lakini zipo tofauti, soma ya zamani ndio ununue hiyo hiyo. Kuna mafundi wanaweka kubwa zaidi ili mteja aone upepo umeongezeka akalipa huku anacheka, feni inakimbia kweli ila mota inachemka kupita kiasi na mwenyewe hujui.

Upepo kupungua inaweza kuwa kapasita hiyo hiyo, lakini usisahau regileta, ile ya ukutani ya kubadilishia spidi, na usisahau umeme wenyewe. Mitaa mingi jioni watu wote wamewasha pasi, jiko na friji umeme unashuka, feni inazubaa, ikifika saa tisa usiku inapuliza mpaka unatafuta shuka. Kama ya kwako inafanya hivyo basi feni haina kosa. Regileta inapimwa kwa fundi kuiruka, yaani anaunga feni moja kwa moja na swichi, upepo ukirudi jua umepata mchawi.

Mlio wa krr krr zima mein swichi kabisa, panda ngazi ya maana sio kiti, zungusha kwa mkono. Feni nzima inazunguka kimya na inaendelea yenyewe muda mrefu ukiachia. Ikikwaruza au ikasimama haraka hizo ni beringi. Feni nyingi zinatumia namba 6201 na 6202, duka lolote la beringi wanazo.

Sasa KUYUMBA. Hilo ndio la kukufanya usiliwashe tena mpaka mtu apande aangalie. Ashushe kikombe aone kulabu iliyoko kwenye zege, pini, boliti na ile raba yake, aangalie bomba kuanzia juu mpaka linapoingia kwenye mota. Tanga hiyo, chumvi ya bahari inakula chuma kimyakimya. Kwangu mimi feni inakufa kwa mambo mawili tu, koili zimeungua au kinachoibeba kimeoza. Yaliyobaki yote ni vipuri.

Mwana Likoni:
Fundi amenena. Naongezea upande wa hiyo kulabu maana sisi huku Mombasa tunaijua. Chuma kikiwa ndani ya slabu kikipata kutu kinavimba, kinapasua zege kutoka ndani, wewe chini unaona tu doa la kahawia kwa dari ama plasta imeinuka kidogo pale kando. Ukiona hivyo usibadilishe feni peke yake, kulabu nayo ibadilishwe. Watu wengi wanang'oa feni nzee wananing'iniza mpya kwa ndoano ile ile ya enzi za babu halafu wanalala chini yake raha mustarehe.

Na kuyumba si lazima iwe juu pia. Chukua tepu umpe mtu apime kutoka dari hadi ncha ya kila panga, feni ikiwa imezimwa, zungusha panga moja moja lifike mahali pale pale. Likitofautiana moja kuna mkono umepinda, huwa ni wakati wa kusafisha mtu anauvuta. Pia mapanga ya feni hupimwa uzito kwa seti yakitoka kiwandani, ukipachika panga la feni nyingine hata lifanane vipi, itayumba tu.

Mpangaji Sugu:
Na sisi wapangaji je? Feni ya mwenye nyumba ikifa nani ananunua? Wangu kaniambia nunua ukihama uache 😅

Mwana Likoni:
@Mpangaji Sugu nunua yako, ile mbovu yake weka uvunguni, siku ya kuhama unamrudishia yake ing'ae. Lakini muandikiane bana.

Mhasibu wa Luku:
Mimi sio fundi ila hesabu naipenda. Feni za kawaida za dari za inchi 56 zinakula kati ya wati 70 na 80, hizi mpya wanaziita BLDC, zenye mota inayoendeshwa na bodi ya elektroniki, zinakula 30 hivi. Tuchukue 75 ukiwasha saa kumi kwa siku, hiyo ni uniti 0.75 kwa siku, mwezi uniti 22 na nusu. Ya wati 30 kwa saa hizo hizo ni uniti 9 kwa mwezi. Tofauti uniti 13 na nusu, kwa bei ya uniti ya shilingi mia tatu hamsini na kitu hapo umeokoa kama elfu nne na mia nane kwa mwezi. Kwa feni moja ya sebuleni inayowashwa jioni tu, kununua mpya KWA SABABU YA LUKU haikulipi haraka. Ila nyumba yenye feni nne zinazolala zinazunguka ni habari nyingine, na kwa yule anayepambana asivuke uniti 75 kwa mwezi ili abaki kwenye bei ya watumiaji wadogo, hizo uniti ni mali.

Halafu kuna lile regileta la zamani, boksi kubwa la ukutani linalochemka. Lile ukipunguza spidi umeme mwingi unageukia joto ndani ya boksi, so anayeweka namba moja akidhani anabana matumizi anaokoa kidogo sana. Badilisha uweke la elektroniki.

Binti Chumbageni:
Asanteni sana jamani nimerudi na majibu. Nimetafuta fundi mwingine, kijana tu, nikamwambia kabisa mimi nalipia ukaguzi sina habari ya kununua feni kwako. Kazima mein swichi kapanda. Kulabu iko nzima ina kutu ya juujuu tu akaikwangua. Kapasita kaitoa imevimba. Kwa mkono linakwaruza kweli. Kaweka kapasita mpya akalijaribu dakika chache huku sote tumekaa pembeni, likaanza lenyewe bila fagio na upepo ukarudi ule wa zamani, mama akapiga vigelegele.

Sasa wakati tunashangilia kijana akazima tena akapanda na tochi, kasema anataka kuona kwa nini bado linayumba. Kumbe pale bomba linapoingia kwenye mota, ile shingo ya mota yenyewe ina ufa, ukilisukuma pembeni unauona unafunguka na kufunga. Pia akigusisha testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye mwili wa feni likiwa limewashwa, taa ya testa inawaka kidogo. Anasema bomba angebadilisha ila shingo ni kitu kimoja na mota. Wakuu hapo ndio basi au kuna wa kuchomelea? Mama anasema kuna mchomeleaji mzuri barabara ya Pangani.

Fundi Waya:
Hapo ndio basi dada, mwambie mama pole. Shingo hizo nyingi ni chuma cha kumwaga, ukichomelea kwa welding ya mtaani kinaweza kushika leo kikapasuka pembeni ya weld baada ya muda, na kitu chenyewe kinatikiswa usiku kucha juu ya vichwa vya watu. Na hiyo testa kuwaka ni dalili umeme unavuja, waya za zamani ngozi yake inakauka inamenyeka. Huyo kijana mpe namba watu, kafanya kazi.

Koili zake kama ni kopa, yaani shaba, zina thamani, ziuzeni kwa kilo pamoja na mwili wake, usimpe fundi bure kama ahsante.

Ukienda kununua, beba mkononi usikie uzito. Mama yako hajakosea sana, feni nyingi za bei ya chini siku hizi koili ni alumini, ni nyepesi, na zikichemka haziwezi kuvumilia kama kopa. Uliza wazi, kopa au alumini, iandikwe kwenye risiti. Cheki na alama ya TBS, shirika la viwango. Sebule kubwa chukua inchi 56, chumba kidogo 48 inatosha. Mapanga yawe juu ya futi 7 kutoka sakafuni, bomba fupi kama dari iko chini. Waya wa ethi, ule wa usalama umeme ukivuja, uungwe sio ukunjwe ndani ya kikombe kama wanavyofanya wengi.

Kibopa:
Nilisema mapema tupa 😎

Fundi Waya:
@Kibopa ulisema kabla ya mtu kupanda ngazi, hata saa mbovu inapatia mara mbili kwa siku.

Mama wa Majengo:
Binti hongera kwa kutokubali haraka. Mimi naomba kuuliza hapo hapo, kwangu dari ni jipsamu, fundi kaniambia atafunga feni kwa skrubu kwenye ile fremu ya jipsamu. Ni sawa?

Fundi Waya:
Hapana mama yangu, hapana kabisa. Jipsamu inabeba taa. Feni inataka zege au mbao ya kenchi, na kama kenchi haiko pale unapotaka feni, mafundi mbao wanapitisha mbao nene kutoka kenchi moja mpaka nyingine halafu kulabu inakaa hapo kwa boliti na nati, sio skrubu wala misumari. Kazi ya nusu siku. Akikataa kupanda juu ya dari tafuta mwingine.

Mhasibu wa Luku:
Binti kama utachukua zile za wati 30 za rimoti jua kitu kimoja, ndani zina bodi ya elektroniki, na umeme ukikatika ukarudi kwa nguvu bodi ndio inayoumia kwanza, sio mota. Kabla hujalipa muulize muuzaji bodi na rimoti anauza peke yake au mpaka ununue feni nzima. Na regileta ya ukutani unaitoa, zile zinataka swichi tupu, ukiziunganisha na regileta zinahangaika na unaweza kuua bodi siku ya kwanza.

Binti Chumbageni:
Nimeelewa. Nimechukua ya kawaida ya kopa inchi 56, fundi anakuja Jumamosi na nimemwambia raba na boliti zote ziwe mpya. Mama kashaanza kuuliza kilo ya kopa shilingi ngapi.