Kanda za taarab na redio za zamani: zahamishwaje kwenye kompyuta bila kuharibika?

MtuWaKuze

Assalam aleikum wana jamvi. Kuna sanduku la kanda arubaini na ushei kutoka nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale. Nyingi ni C60 na C90 (za dakika 60 na 90), chache C120, na rili tatu za inchi saba. Maandishi yamefifia: "Bhalo harusi", "Zein", "salamu", "hotuba", na nyengine hazina kitu. Kama sita hivi zina unga mweupe kwenye ukingo wa utepe. Mashine iliyopo ni redio kaseti ya kawaida ya spika mbili.

Za unga zichezwe au zisichezwe? Nirekodi kwa kiwango gani? Na zisizo na tarehe zatambulikaje? Shabaha ni kupata nyimbo safi. Matangazo na makelele ya katikati nitayakata.

FundiHedi

Wa aleikum salaam. Usitie kanda yoyote kwenye hiyo redio kaseti kwanza.

Huo unga ni kuvu, na kwa unyevu wa hapa Mombasa si ajabu. Ukicheza kanda moja yenye kuvu, vumbi lake hubaki kwenye hedi (kile kichwa kinachosoma utepe) na kwenye mpira wa kubana, na kanda ya pili ikiingia huondoka nalo. Zitenge leo hii. Zitie kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyowekwa kwenye masanduku ya viatu vipya, kumi hivi, ziache wiki mbili. Usizianike juani: ganda hupinda na utepe hujikunja kingo. Zikikauka, vaa barakoa, toka nje kivulini, fungua skrubu tano za ganda, kisha upanguse ukingo wa utepe kwa kitambaa laini kikavu huku ukizungusha kwa penseli polepole.

Mashine: tafuta deki yenye tundu la LINE OUT, la kutolea sauti kwenda kifaa chengine. Tundu la hedifoni hupitisha sauti kwenye amplifaya ndogo inayoongeza mvumo, na tundu la maikrofoni la laptopu mara nyingi ni la chaneli moja na huikuza sauti mpaka inapasuka. Nunua kadi ya sauti ya nje ya USB yenye ingizo la laini.

Kusafisha: hedi na ile fimbo nyembamba ya chuma, tumia kijiti cha pamba na isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kidonda ya duka la dawa usiitumie, mara nyingi hutiwa mafuta, nayo hubaki kama utando juu ya hedi. Mpira wa kubana uusafishe kwa maji na tone la sabuni, maana spiriti huukausha ukapasuka. Rudia kila baada ya kanda tatu au nne, na kwa zilizokuwa na kuvu, kila upande.

Angalia kisponji kilicho katikati ya mdomo wa kanda. Gundi yake hukauka kikaanguka, na ndipo watu husema "kanda imekufa" kwa sababu sauti inakuwa ya mbali kama mtu aliyefunikwa blanketi. Kanda haijafa. Toa kisponji kwenye kanda ya kutupa, ukihamishe. Ganda lisilo na skrubu lipasue kwenye mshono kwa kisu chembamba, uhamishie utepe kwenye ganda la skrubu. Ganda la zamani na karatasi yake usitupe. Utepe uliokatika usiunge kwa selotepu ya ofisini: gundi yake huvuja na kushika mzunguko unaofuata. Kuna utepe maalumu wa kuungia.

Kabla ya kurekodi, peleka kanda mpaka mwisho na uirudishe. Mvuto husawazika, na ule mwangwi unaosikika kabla ya sauti yenyewe hupungua. C120 usizikimbize, utepe wake ni mwembamba mno, hunyooka kama pipi ya mpira na haurudi.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka: mwinamo wa hedi. Kila kanda ilirekodiwa na mashine yake, na hedi ya kila mashine ilikuwa imeinama kivyake. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo yenye kamba ya springi. Tia alama mahali ilipo kwa rangi ya kucha. Weka sauti iwe mono, cheza mahali penye matari au maneno yenye "s" nyingi, uzungushe kidogo sana, isizidi robo mzunguko. Utasikia sauti inafunguka ghafla. Hapo acha. Fanya hivyo kwa kila upande wa kila kanda. Hakuna programu ya kompyuta itakayokurudishia herufi zilizopotea hapa.

Dolby (kitufe cha kupunguza mvumo) izime isipokuwa jalada linasema ilitumika. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96. Saa moja ya stereo ni takriban GB 2. Nafasi ikiwa ndogo, kilohezi 48 hutoa GB 1. Vilele visipite desibeli -6. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, huo ni umeme wa hezi 50: chomoa chaja, laptopu ifanye kazi kwa betri.

Chuma_cha_Bondeni

Yote hayo kwa kanda za harusi? MP3 inatosha, simu zenyewe hazina nafasi.

FundiHedi

Ya kutumiana WhatsApp, sawa. Ila itoe kutoka kwenye WAV, faili isiyobanwa, usirekodi moja kwa moja kwa MP3. Baadhi ya kanda hizi zitacheza mara moja tu.

BintiMvita

Swali la tarehe. Yakhe, ukikata hayo "makelele" umetupa nusu ya sanduku. Wimbo wa Juma Bhalo huenda upo kwenye kanda nyengine kumi, maana maduka kama Mbwana Radio Service yalikuwa yakiuza nakala. Sauti ya mtangazaji iliyonaswa katikati haina nakala. Tena ndiyo inayokupa mwaka.

Sikiliza jina la kituo. Ukisikia Sauti ya Mvita, ni redio ya hapa Mombasa ya miaka ya 1950. Lakini kaseti zilitoka mwaka 1963, kwa hivyo ikiwa imo kwenye kaseti, hiyo ni nakala kutoka rili, na yafaa kuitafuta rili yenyewe, labda ni moja ya hizo tatu. Sauti ya Kenya, redio ya taifa, ni kuanzia 1964 hadi 1989, iliporudi kuwa KBC. FM ya mtu binafsi haiwezi kuwa kabla ya 1996.

Kisha sikiliza taarifa ya habari inavyomtaja rais. Kenyatta alifariki hapa hapa Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Akitajwa "hayati", uko baada ya hapo. Ukisikia "Mtukufu Rais" na Nyayo, uko kwa Moi.

Za "hotuba" zisikilize kwa makini zaidi. Mjadala wa Mwambao, yaani kama ukanda wa pwani ujitawale au uingie Kenya, ulikuwa mkali mpaka mkataba wa tarehe 8 Oktoba 1963. Sheikh Abdilahi Nassir alikuwa miongoni mwa waliotetea Mwambao, na leo vijana humjua kwa darasa zake tu. Nduguye Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 hadi 1972 kwa waraka wa "Kenya: Twendapi?". Ukisikia IPK (chama cha Islamic Party of Kenya) na vyama vingi, hiyo ni 1992 kuendelea.

Kwenye taarab, usiandike mwimbaji peke yake. Mashairi mengi aliyoimba Juma Bhalo ni ya Ustadh Ahmad Nassir, na jina la mtunzi ndilo linaloanguka kwanza nakala zikiongezeka.

Kanda za salamu, yaani vipindi vya redio vya kutumiana salamu: wasikilizaji walikuwa na majina yao ya kujibandika, na mengine yalisomwa pamoja na sanduku la posta. Hifadhi zima, lakini utakachoweka mtandaoni kata anwani. Hapo tu ndipo mkasi unaruhusiwa.

Jina la faili liwe na namba uliyoandika kwenye ganda, upande, na maneno ya jalada kama yalivyo, hata yakiwa na makosa. Piga picha jalada. Makisio yako ya mwaka yaandike mbali, na useme umeyatoa kwenye nini.

RiliTatu

Kuhusu rili: ziinue kwenye mwanga. Zikipitisha mwanga ni asetati, zisipopitisha ni poliesta. Nusa pia; harufu ya siki ni asetati inayooza, hiyo iende mbele ya foleni na ikae mbali na wenzake. Asetati hukatika mkato safi, waungika. Poliesta hunyooka, haiungiki vizuri. Mashine iwe na kasi za sentimita 19 na 9.5 kwa sekunde. Ukisikia mtu anazungumza kinyumenyume chini ya wimbo, rili ilirekodiwa njia nne na mashine yako inasoma mbili. Utepe ukilia na kuacha uchafu wa kahawia kwenye hedi, simamisha hapo hapo. Gundi imenyonya unyevu. Tiba yake ni joto la kupimwa kwenye tanuri maalumu, si oveni ya jikoni, na asetati haitiwi humo kabisa.

MtuWaKuze

Ahsanteni. Nimefuta wazo la kukata. Moja zaidi: kanda moja ya harusi inakwenda mbio, waimbaji wana sauti za watoto, na kadiri inavyoendelea ndivyo inavyozidi.

FundiHedi

Ilirekodiwa na mashine ya betri iliyokuwa ikiisha. Mota ilipungua kasi, sasa deki yako ya kasi kamili inaiharakisha. Usiguse deki, rekodi kama ilivyo, urekebishe nakala. Kama kuna kinanda cha umeme humo ndani una bahati, hakitoki tuni: noti ya "la" yapasa kuwa hezi 440. Ukiikuta 466, imepanda nusu toni; punguza kasi kwa asilimia 5.6. Pima kila dakika tano, kwa sababu betri haikuisha kwa mpigo mmoja.