Naomba ushauri: tuipatieje mashabiki timu mpya ya mji wetu?
Ndugu zangu, hapa Makambako tuna klabu changa inayoshiriki ligi ya mkoa, nami ni miongoni mwa waliojitolea kuitafutia mashabiki. Vijana wanacheza vizuri sana, lakini Simba au Yanga inapocheza, watu hujazana kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira na uwanja wetu hubaki na wazazi wa wachezaji. Siwalaumu, kwa kuwa klabu hizo za miaka ya 1930 zimerithiwa kutoka kwa babu hadi mjukuu. Hata hivyo Mbeya City, iliyoanzishwa mwaka 2011, ilishika nafasi ya 3 katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, huku wenyeji wakifurika Uwanja wa Sokoine kuishangilia.

Je, tuanze na kadi za uanachama za bei nafuu, au kwanza watu waingie bure hadi waizoee timu? Binafsi ningeanzia shuleni na kwenye vijiwe vya bodaboda. Aliyewahi kuanzisha tawi la mashabiki anieleze pia namna ya kusimamia michango ili fedha zisizue ugomvi.