Kumbukizi ya Sokoine Aprili 12: vijana wa Moro tujitolee kwa kazi gani?

Kijana_wa_Mazimbu:
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Nasoma SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), kampasi ya Mazimbu. Kila Aprili 12 ni yale yale: kongamano, fulana zenye sura ya Sokoine, yule waziri mkuu wetu wa zamani, hotuba ya "vijana muwe wazalendo", soda, picha ya pamoja, kila mtu kwao. Chuo kinabeba jina lake tangu 1984, mwaka aliofariki, lakini muulize mtu bwenini alifanya nini, utaambiwa "alikuwa mkali kwa wahujumu uchumi". Basi, imeisha hiyo.

Kikundi chetu ni vijana kama thelathini. Mwaka huu nataka kazi ya kweli. Wenzangu wanasema tukafagie stendi ya Msamvu, ila mimi naona pale wapo wanaolipwa kufagia. Nipeni wazo, na nipeni na sababu, maana lazima nitaulizwa inahusiana nini na Sokoine.

Mzaramo_Original:
Pandeni miti mkuu. Ikifika Septemba imekauka yote, mwakani mnapanda mashimo yale yale 😂

Babu_Kilakala:
Marahaba kijana. Mwaka ule nilikuwa karani hapa Morogoro, na jioni ile Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyetutangazia redioni. Watu wazima walilia barabarani. Alikuwa anatoka Dodoma kwenye Bunge kurudi Dar, ajali ikamkuta Dakawa. Alikuwa na miaka 45 tu.

Sasa fikiri. Barabara hiyo ya Dodoma bado ina malori na mabasi, na siku hizi bodaboda juu yake. Majeruhi akifikishwa hospitali akiwa amevuja, kinachotafutwa ni damu. Changieni damu. Akikuuliza mtu inahusiana nini na Sokoine, mwelekeze Dakawa.

Ila msiende wote thelathini siku moja kwa ajili ya kamera! Damu kwenye friji haikai milele, chembe nyekundu ni kama siku 35 hivi, kisha inatupwa. Nendeni kumi Aprili, kumi Mei, kumi Juni. Mwanaume anaruhusiwa kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, kwa hiyo Julai wale wavulana wa kwanza wako tayari tena. Na kumbukeni wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa nchi hii. Shule zikifungwa mwezi wa sita, akiba inashuka. Hapo ndipo mtaonekana watu.

Hiyo ndiyo tabia yake nionavyo mimi. Aliporudi uwaziri mkuu 1983 sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na Dar mabasi ya UDA, shirika la umma, hayatoshi. Akaruhusu mabasi ya watu binafsi yabebe abiria, ndizo daladala mnazogombania leo. Aliangalia kinachokosekana wakati ule.

Namnyaki:
Shikamoo babu. Wazo zuri, ila tusimwoshe mzee wetu kupita kiasi. 1983 hiyo hiyo kulikuwa na Nguvu Kazi: kijana anakamatwa mjini hana kazi, anapelekwa shamba. Kule si kujitolea. Nasema hivi kwa sababu vyuoni tunapenda "kila mwanachama ni lazima". Kuna mdada ana kilo 46, hatakiwi, kima cha chini ni 50. Kuna anayenyonyesha, kuna aliye na ugonjwa ambao hataki mjue. Mkisoma majina ya wasiochangia kwenye grupu la WhatsApp, mmeharibu.

Babu_Kilakala:
Marahaba mwanangu. Ile operesheni siitetei, niliiona. Na hilo la majina ni kweli tupu. Asiyechangia apewe kazi ya kuandikisha, kupanga zamu, kuwapigia wenzake simu Julai. Hiyo ya simu ndiyo ngumu, usidharau.

Kijana_wa_Mazimbu:
Asante babu, asante dada Namnyaki. Nimeshapeleka grupuni: kumi kumi, fulana hakuna. Wawili wamejitoa papo hapo waliposikia hakuna fulana 😅 Waliobaki wanauliza, je, pale wanapewa chai?

Babu_Kilakala:
Huwa kuna soda na biskuti. Lakini waambie wale chakula kabla ya kwenda na wanywe maji. Nawajua wanachuo, mtu anakuja na njaa ya tangu jana halafu anawaangukia manesi.